RAM ya seva imejaa: nifute kache au ninunue nyingine?

"Nasimamia seva ya saccos yetu: Ubuntu 22.04, RAM ya GB 16, diski moja ya kuzunguka ya TB 2, na PostgreSQL yenye hifadhidata ya kama GB 40. Nikiandika amri ya free naona zimebaki MB 300 tu. Nilisoma kwamba dawa ni kufuta kache, nikaweka amri ya drop_caches kwenye cron iwe inajiendesha kila saa. Sasa RAM inaonekana tupu, lakini kila saa ikigonga watumiaji wanalalamika mfumo umekuwa mzito. Usiku jengo linazimwa umeme, kwa hiyo bekapu tunachukua saa saba mchana: pg_dump inaandika faili humo humo kwenye diski, kisha gzip inalibana. Muda huo karani akibonyeza 'hifadhi' anasubiri hata dakika nzima. Mwisho wa mwezi uliopita, wakati wa ripoti, logi iliandika 'Out of memory: Killed process' na jina la postgres, watu wote wakatolewa nje ya mfumo. Mwenzangu mmoja anasema tuongeze RAM, mwingine nizime swapu kabisa, wa tatu nizime fsync. Nimsikilize nani? Nimeambatisha matokeo ya free na mipangilio."

Ndugu yangu, pole na malalamiko ya kaunta. Nimepitia ulichoambatisha, na naona una matatizo matatu tofauti yanayoishi kwenye mashine moja. RAM kuonekana imejaa si mojawapo. Kwa bahati mbaya hilo ndilo ulilolitibu, na dawa yenyewe ndiyo iliyokuletea tatizo la kwanza.

Tuanze na matokeo ya free, maana ndiyo yanayowatisha wengi. Yako yanasema: total 15Gi, used 4.6Gi, free 310Mi, shared 4.1Gi, buff/cache 10Gi, available 6.2Gi. Jicho linakimbilia zile 310Mi na moyo unashtuka. Lakini ukitaka kujua programu ikiomba kumbukumbu sasa hivi itapata kiasi gani, soma namba ya mwisho, available. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa Ubuntu wako, inaikadiria yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, kwa kuwa kabla ya hapo watu walikuwa wakijumlisha free na kache kwa mkono na kupata jibu la uongo. Kwako bado kuna GB 6.2. Seva haijaishiwa.

Kwa nini jumla ya mkono inadanganya? Angalia shared. Sehemu kubwa ya zile 4.1Gi ni shared_buffers, kumbukumbu ambayo michakato yote ya PostgreSQL inachangia, ulizoziweka GB 4. Kwenye hesabu ya free zinaingizwa ndani ya buff/cache, lakini kerneli haiwezi kuzitupa, kwa sababu haina faili la kwenda kuzisoma upya. Ikibanwa sana itazisukuma kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba), basi. Kwa hiyo buff/cache ya 10Gi haina maana kwamba 10Gi zote zinaweza kuachiwa.

Sasa hiyo kache. Programu ikisoma faili, kerneli inaleta data kutoka diski kwa kurasa, kila ukurasa KB 4, inaziweka kwenye RAM ambayo haina kazi, na programu ikishamaliza inaziacha hapo hapo. Akija mwingine kuuliza kitu kile kile, anajibiwa kutoka RAM. Ni kama mwenye duka anayeweka mezani bidhaa zinazoulizwa sana ili asikimbilie stoo kila mteja anapoingia; meza tupu haimsaidii yeyote. Na hapa stoo iko mbali kweli. Diski ya kuzunguka inaweza kufanya takribani safari 100 kwa sekunde ikiwa data imetawanyika. PostgreSQL inasoma vipande vya KB 8. Fanya hesabu: ni chini ya MB 1 kwa sekunde. GB 1 ya faharasa zilizotawanyika (orodha ambazo hifadhidata inazitumia kutafutia data haraka) inaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kurudi kwenye RAM.

Hicho ndicho kinachowapata makarani wako kila saa ikigonga. Unaiambia kerneli itupe kila ukurasa safi, pamoja na kumbukumbu ya majina na sifa za faili, halafu watu wote wanaanza kuuliza vitu vile vile kwa pamoja kwenye diski moja. RAM "tupu" unayoifurahia ni kazi iliyotupwa, na watumiaji ndio wanaoirudia.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye free. Kerneli yako, ya 5.15, inapanga kurasa za faili kwenye orodha mbili: zilizo moto na zilizopoa. Ukurasa uliosomwa mara moja unaingia kwenye orodha ya zilizopoa. Ukiguswa tena unapandishwa daraja. Nafasi ikihitajika, wa kutolewa wanatafutwa kwanza kwenye zilizopoa. Mpangilio huu ndio unaozuia bekapu ya GB 40, inayosoma kila kitu mara moja na kupita, isifagie faharasa zinazotumika siku nzima. (Kuanzia kerneli 6.1 ya mwishoni mwa 2022 kuna njia mpya inayogawa kurasa kwa vizazi badala ya orodha mbili, lakini lengo ni lile lile.) drop_caches haichagui. Inatupa zilizo moto na zilizopoa, na daraja linapotea. Saa sita unafuta, saa saba kabla ya bekapu unafuta tena, kisha bekapu inaingia na kushindana na faharasa zako zikiwa nazo zimeanzia chini kabisa. Nyaraka za kerneli zenyewe zinasema amri hiyo ni ya majaribio na uchunguzi, haipendekezwi kutumika nje ya hapo. Ifute kwenye cron leo.

Ukishaifuta, free itarudi kwenye MB mia tatu au mia nne na kubaki hapo. Usishtuke. Kerneli ina alama tatu za kima cha kumbukumbu iliyo wazi. Kikishuka chini ya alama ya kati, mtumishi wake anayeitwa kswapd anaamka na kuanza kukusanya kurasa kimyakimya hadi kima kifike alama ya juu, kisha analala. Kwa hiyo free kukaa karibu na alama hizo ndiyo hali ya kawaida ya seva iliyofanya kazi siku nzima. Presha ya kweli inaanza pale kswapd anapozidiwa na kima kikagusa alama ya chini: hapo programu inayoomba ukurasa inalazimishwa kusimama na kushiriki yenyewe kutafuta nafasi. Hapo ndipo mtumiaji anahisi mkwamo.

Kwa hiyo usipime presha kwa nafasi iliyobaki. Pima kwa muda ambao kazi zinasimama kusubiri. Kerneli tangu 4.20 ya mwaka 2018 inakuandikia kipimo hicho kwenye faili la /proc/pressure/memory. Ukilifungua kwa cat utaona mistari miwili. Unaoanza na some unaonyesha asilimia ya muda ambao angalau kazi moja ilikuwa imekwama ikisubiri kumbukumbu. Unaoanza na full unaonyesha muda ambao kazi zote zilizotaka kuendelea zilikwama kwa pamoja. avg10, avg60 na avg300 ni wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Full ikikaa sifuri kutwa, kuongeza RAM hakutaondoa mikwamo yako, hata kama free inasema MB 50. Pembeni yake kuna /proc/pressure/io, na nadhani hilo ndilo litakalokuwa limejaa namba kwenye seva yako.

Hilo linatupeleka saa saba mchana.

Kurasa nilizokuwa nikizieleza ni safi: diski ina nakala ile ile, kwa hiyo kuzitupa hakuhitaji kuandika chochote. Programu inapoandika, kerneli inapokea data kwenye RAM, inaweka alama kwamba ukurasa ni mchafu, na kuiambia programu "tayari". Diski inaandikiwa baadaye. Ukurasa mchafu hautupwi mpaka uandikwe kwanza. Kwa mipangilio ya kawaida, uchafu ukifika asilimia 10 ya kumbukumbu inayoweza kupatikana kerneli inaanza kuandika chinichini. Ukikaribia asilimia 20 inaanza kuwafunga breki wanaoandika, wote, hata karani aliyehifadhi mstari mmoja. Kwenye seva yako asilimia 20 ni kama GB 1.2.

Sasa fuatilia bekapu yako. pg_dump inamwaga maandishi yasiyobanwa kwa kasi kubwa, RAM inayapokea kwa sekunde chache, na foleni ya GB 1.2 inajengeka mbele ya diski. Diski hiyo hiyo bado inasomwa ili kutoa zile GB 40, kichwa chake kinaruka huku na huko. Ingekuwa inaandika tu kwa mfululizo, ingemaliza foleni kwa sekunde kumi na kitu. Ikiwa kasi imeshuka hadi MB 10 kwa sekunde kwa sababu ya kuruka, foleni ni ya dakika mbili. Katikati yake anakuja karani. PostgreSQL haimpi jibu mpaka muamala wake uwe umeandikwa kwenye diski kweli kwa fsync, na hiyo fsync inapanga mstari nyuma ya bekapu. Ile dakika yake moja imetoka hapo. RAM zaidi, kwa mipangilio ya asilimia, ingerefusha foleni hiyo, maana asilimia 20 ya kikubwa ni kikubwa zaidi.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kubadilisha jinsi unavyochukua bekapu. Tumia pg_dump -Fc, inayobana data papo hapo kabla ya kuiandika, badala ya kuandika faili kubwa, kulisoma tena na kuandika jingine dogo. Uandishi unapungua sana. Faili lipeleke kwenye diski nyingine, hata ya nje. Bekapu iliyokaa diski moja na hifadhidata haitakuokoa diski hiyo ikifa, na hilo linanisumbua kuliko polepole yote uliyoieleza.

Kisha punguza foleni yenyewe. Kwenye faili jipya ndani ya /etc/sysctl.d weka vm.dirty_background_bytes=67108864 na vm.dirty_bytes=268435456, yaani MB 64 na MB 256, kisha endesha sysctl --system. Ukiweka kwa baiti, zile asilimia zinaacha kufanya kazi. Kuna gharama: bekapu itachelewa zaidi, na mashine itakuwa na nafasi ndogo ya kumeza uandishi wa ghafla. Kwa diski inayozunguka na watu wanaosubiri kaunta, mimi ningelipa gharama hiyo bila kusita. Kwa mashine inayochakata faili kubwa usiku bila mtu, ningeacha asilimia zilivyo.

Unaweza pia kuiendesha bekapu ndani ya kizuizi: systemd-run -p MemoryHigh=512M kisha jina la skripti yako. Ubuntu 22.04 inahesabu hata kurasa za faili zilizoandikwa na michakato iliyo ndani ya kizuizi hicho, kwa hiyo bekapu inabanwa peke yake. Usitarajie makubwa lakini. Anayesoma zile GB 40 ni mchakato wa seva ya PostgreSQL, pg_dump anapokea tu, na kurasa zilizosomwa zinaandikwa kwenye hesabu ya PostgreSQL. Kizuizi kinashika upande wa kuandika.

Tatizo la tatu, lile la kuuawa kwa postgres, halihusiani na kache ya faili hata kidogo. Kurasa safi hazimuui mtu. Kerneli ingezitupa kwanza. Kilichokula kumbukumbu ni ile ambayo programu zimejigawia zenyewe na haina faili nyuma yake. Na mipangilio yako inamtaja mhusika: work_mem umeipandisha kutoka MB 4 za kawaida hadi MB 256. Kiasi hicho hakitolewi kwa mtumiaji mmoja wala kwa seva nzima. Kinaruhusiwa kwa kila hatua ya kupanga au kuunganisha ndani ya kila ombi. Ripoti 12 za mwisho wa mwezi zenye hatua mbili mbili za kupanga ni 24 mara MB 256, sawa na GB 6. Hizo ndizo zile 6.2Gi zako. Kerneli ikachagua mchakato mmoja na kuuua, na PostgreSQL ikiona mmoja wa watoto wake ameuawa ghafla inawatoa wengine wote na kujirejesha upya, kwa kuwa haiwezi kuamini tena kumbukumbu wanayochangia. Ndiyo maana walitoka wote. Rudisha work_mem kwenye MB 16 hivi, na anayetengeneza ripoti nzito aongeze kwa kipindi chake tu kwa SET work_mem. shared_buffers za GB 4 ziache. Robo ya RAM ni kipimo kinachokubalika.

Wenzako sasa. Wa swapu: asikushawishi. GB 1.1 iliyokaa kwenye swapu yako inaweza kuwa ni kurasa ambazo hakuna aliyezigusa tangu seva iwake. Andika vmstat 1 uangalie safu zinazoitwa "si" na "so", yaani kinachoingia RAM kutoka swapu na kinachotoka kwenda swapu. Zikikaa sifuri, swapu imelala na haikudhuru. Ukiizima, presha haiondoki, inahamia upande mmoja. Msimbo wa programu zenyewe ni kurasa za faili. Kerneli ikikosa pa kupeleka data iliyolala, itaanza kutupa vipande vya programu zinazoendelea kufanya kazi na kuvisoma tena kutoka diski baada ya muda mfupi, na ndipo utaona mashine imeganda hata kibodi haijibu. Wengi pia wanadhani vm.swappiness ya 60 ina maana swapu inaanza RAM ikibaki asilimia 60. Hapana. Ni mizani ya gharama kati ya kuhamisha data za programu na kutupa kurasa za faili. 100 ni usawa, na tangu kerneli 5.8 inafika 200. Kwa seva ya hifadhidata watu huishusha hadi 10. Si vibaya, ila tofauti yake ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Wa fsync anataka kuondoa kile kinachofanya pesa za wanachama zibaki zilipoandikwa. Kurasa chafu zinaweza kukaa kwenye RAM hadi kama sekunde 30 kabla ya kuandikwa. Fsync ikiwa imezimwa na umeme ukakatika, hupotezi tu miamala ya sekunde hizo: hifadhidata yenyewe inaweza kuharibika isifunguke. Usiiguse.

Wa RAM ana hoja, ila imewahi mno. Ondoa cron, rekebisha bekapu na work_mem, kisha fungua /proc/vmstat utazame workingset_refault_file asubuhi, mchana na jioni. Namba hiyo inahesabu kurasa zilizotolewa kwenye kache kisha zikahitajika tena. Ikipanda kwa kasi saa za kazi, na some kwenye /proc/pressure/memory haishuki, basi kazi yako ya kila siku haienei kwenye RAM na kununua kuna maana. Lakini kama bajeti ni ya kitu kimoja, ningeanza na SSD, diski isiyozunguka. Inafanya maelfu ya safari pale diski yako inapofanya 100, na itasaidia pia lile usiloliuliza: asubuhi. Jengo likizimwa umeme usiku, kache yote inapotea, na saa mbili unaanza na RAM tupu kila siku. Mpaka SSD ipatikane, washa pg_prewarm, kiongezi kinachokuja na PostgreSQL chenye uwezo wa kukumbuka kilichokuwa kwenye shared_buffers na kukirudisha seva ikiwaka.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyaona nikiwa huku, yanayohitaji fundi akae mbele ya mashine. Endesha smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, kwenye diski hiyo. Current_Pending_Sector ikiwa zaidi ya sifuri, au Reallocated_Sector_Ct ikiendelea kuongezeka, au dmesg (logi ya kerneli) ikionyesha makosa ya kusoma, acha kabisa kurekebisha kumbukumbu. Diski inayokufa inajirudia kusoma kipande kimoja mara nyingi na inafanana sana na presha ya RAM. Chukua bekapu kwenye diski nyingine siku hiyo hiyo na umwite mtu. Mwite pia kama seva inajiwasha upya yenyewe, kama ina kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) ambayo hujui betri yake iko katika hali gani, au kama huna uhakika kwamba bekapu zako zinarejesheka. Jaribio la kurejesha lifanyike kwenye mashine nyingine, kamwe si hapo.

Kabla hajafika, mwandalie ushahidi wa siku moja ya kazi: matokeo ya vmstat 10 yakielekezwa kwenye faili kuanzia kufungua hadi kufunga, nakala za /proc/pressure/memory na /proc/pressure/io kila dakika kipindi cha bekapu, na mistari ya kerneli kwenye journalctl ya siku ile postgres ilipouawa. Mistari hiyo ina jedwali la michakato yote na kumbukumbu iliyokuwa inashikiliwa na kila mmoja dakika hiyo, na itamwonyesha kama mhusika ni work_mem kama ninavyodhani, au ni programu yenu ya mikopo.